Mpigo Mmoja, Namba Mbili

Jumatatu, 5 Mei

Mbuzi wameingia tena. Safari hii shamba la mama mkwe. Mistari kumi na minane ya ndengu, imekwisha hadi mashina. Nilihesabu mwenyewe, maana wengine walikuwa wanapiga kelele tu, na kelele haina jumla.

Kikao cha kikundi saa nane, pale stoo ya Gachoka. Mama mkwe ndiye mwenyekiti. Akasema basi, imetosha, tunaweka ua wa umeme kuzunguka mashamba yote ya kikundi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga zaidi ya wote. Fundi wa umeme hapa ni nani? Ni mimi, Muchangi! Miaka ishirini na miwili na bisibisi mkononi, na hakuna aliyenifundisha.

Kumbe Ngari naye alikuwa amekaa nyuma.

Ngari ana duka la pili kutoka kwangu. Ngari ana cheti. Amekitundika ukutani kwenye fremu ya kioo, na chini yake anauza kava za simu. Akasimama, akaeleza kwa upole (anaeleza kila kitu kwa upole, ndiyo tabia yake mbaya) kwamba ua wa umeme hautoi umeme mfululizo. Unapiga kama moyo. Mpigo, kimya, mpigo, kimya. Mpigo ukiwa mfupi mbuzi anashtuka na kukimbia. Ukiwa mrefu unamshika, na huenda asiondoke tena. Mwaka jana kuna bwana mmoja huko chini aliunganisha waya moja kwa moja na stima ya nyumba, akaua ng'ombe wake mwenyewe. Lita kumi na moja kwa siku, ng'ombe huyo.

Mama mkwe akaandika. Uamuzi: kila fundi alete mashine yake na karatasi inayoonyesha muda wa mpigo. Usizidi milisekunde kumi. Milisekunde ni kipande kimoja cha sekunde iliyokatwa vipande elfu. Atakayeshinda ataweka ua na kuutunza.

Halafu akaongeza, bila kunitazama, kwamba hataki tena mambo ya redio.

Watu wakacheka. Miaka kumi na tisa! Nilipokuwa namchumbia Ann nilijitolea kuitengeneza redio ya baba yake. Nikaifungua. Haijasema neno tangu siku hiyo. Mzee alifariki bila redio, na mjane wake bado ananiita "yule wa redio". Kwetu mkwe habishani na mama mkwe mbele ya watu. Namezea tu. Nimemezea miaka kumi na tisa, nimeshiba.

Ua huu nitauweka mimi.

Jumanne, 6 Mei

Mashine imekamilika. Koili ya gari bovu, betri ya pikipiki, sanduku la biskuti. Inapiga mara moja kila sekunde moja na nusu. Tak! Cheche ya buluu, nzuri kabisa. Ann amesema sanduku lile lilikuwa la sindano zake. Nimemwambia sindano hazina haraka.

Sasa karatasi. Mpigo huu una muda gani?

Nimejaribu na saa ya simu. Kubonyeza kuanza, kubonyeza kusimama. Nilipata milisekunde mia mbili na kumi. Nikaogopa. Halafu nikabonyeza mara mbili haraka bila mashine kuwaka: mia mbili na tano. Kumbe nilikuwa nimepima kidole changu.

Jumatano, 7 Mei

Akili! Simu ya Ann inapiga video ya polepole, picha mia mbili na arobaini kwa sekunde. Elfu moja gawanya kwa mia mbili na arobaini: kila picha ni milisekunde nne na kidogo. Nikarekodi cheche, nikahesabu picha zenye mwanga. Tatu. Mara nne na kidogo, kumi na mbili na nusu. Imezidi!

Nikarekodi tena. Mbili. Nane na pointi tatu. Imepita!

Nikaifuta ya kwanza.

Nilimtuma Ann ampelekee mama yake video. Akarudi na jibu: mwenyekiti ameuliza hii ni karatasi gani inayocheza. Pia ameuliza kwa nini sanduku la sindano linatoa moto.

Duka la Ngari lilikuwa kimya siku nzima. Kimya cha mtu mwenye cheti. Sikukipenda.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetoka alfajiri kwenda Nchiru, mashine ndani ya gunia, juu yake nimeweka sukumawiki. Gatwiri, mtoto wa dada yangu, anatengeneza vifaa vya maabara huko chuoni. Amepanga chumba kati ya hosteli mbili na vibanda saba vya chapati. Ana oskiloskopu yake mwenyewe, kadogo kama kitabu cha nyimbo, alikanunua kwa jasho lake. Ukiunganisha umeme, kioo kinakuchorea sura yake.

Aliweka resista kadhaa katikati ili mashine yangu isiunguze yake. Ananijua. Tukawasha. Tak! Tak! Mwanafunzi wa chumba cha pili akagonga ukuta akiuliza hiyo saa ni ya kanisa gani.

Na mpigo wangu ukatokea kwenye kioo. Mlima! Unapanda kwa ukali upande wa kushoto, una kilele, halafu unashuka polepole kulia na mkia mrefu. Niliutazama muda mrefu. Miaka ishirini na miwili nauza umeme na sijawahi kuona uso wake.

Gatwiri akasema kila mraba kwa upana ni milisekunde mbili. Nikahesabu kutoka mguu wa kushoto hadi mguu wa kulia. Miraba saba. Kumi na nne! Nikakaa kitandani. Kwaheri ua.

Gatwiri akacheka, akasema anko, mlima haupimwi miguuni. Akaniuliza mlima wa Kiang'ombe unaanzia wapi. Nikamwambia kwa kina Njura, pale kwenye kinu. Akasema mama yake husema unaanzia mtoni. Kila mtu na geti lake! Mguu unayeyuka ndani ya ardhi, hakuna watu wawili watakaokubaliana umeishia wapi. Kwa hiyo mafundi wa dunia nzima hupima nusu ya kimo. Unatafuta kilele, unashuka hadi nusu, unaweka alama pale mpigo unapopanda na pale unaposhuka. Umbali kati ya alama mbili ndio muda wa mpigo.

Tukaweka alama. Miraba mitatu. Milisekunde sita!

Nilimkumbatia. Nikamwachia sukumawiki zote. Akaniazima oskiloskopu hadi Jumanne kwa ahadi moja: kila karatasi nitakayoandika, niandike nimepimia wapi kwenye mlima. Nikaahidi kwa moyo wote.

Nikiwa njiani wazo likaanza kunitekenya. Mpigo mmoja. Namba mbili. Sita na kumi na nne, na zote ni kweli. Sijadanganya mtu. Namba ziko pale kama mashati dukani, unachagua.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda dukani kwa Ngari kumpimia mpigo wake bure, kwa ujirani mwema.

Alishangaa. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema cheti kilimfundisha milisekunde lakini hakikumnunulia kifaa, na alikuwa amekata tamaa ya kupata karatasi. Akaagiza chai na mandazi mawili. Chai ilikuwa nzuri sana. Niliichukia.

Mlima wake ni mwembamba. Wa kuudhi. Nusu ya kimo: miraba miwili, milisekunde nne. Miguuni: miraba mitano na nusu, kumi na moja.

Nikaandika karatasi yangu: Muchangi, sita. Nikaandika yake: Ngari, kumi na moja. Ile ahadi ya Gatwiri ya kuandika nimepimia wapi ilikuwa nzuri, lakini karatasi ilikuwa ndogo.

Ngari akasoma kumi na moja. Akasema pengine koili yake ina kasoro. Akanishukuru kwa ukweli wangu! Akanifungia andazi la pili kwenye gazeti nimpelekee Ann.

Nililila njiani.

Jumamosi, 10 Mei

Siku kuu.

Mama mkwe alivaa miwani yake ya cherehani. Alishona sare za shule miaka thelathini kabla ya kuingia kwenye ndengu, na bado hutembea na tepu shingoni kama daktari na kile kidude chake. Akasoma kwa sauti: Muchangi, sita. Ngari, kumi na moja.

Kumi na moja inazidi kumi. Ngari nje!

Ngari hakubisha. Alinipa mkono mbele ya watu. Runji, katibu wetu, akanipiga mgongoni hadi nikakohoa. Halafu mama mkwe akamwambia Ann, kwa sauti ya kunifikia, kwamba inaonekana huyu mwanamume alikuwa anajifunza kitu miaka hii yote.

Miaka kumi na tisa. Nilitoka nje nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jaribio la mbele ya kikundi ni Jumatatu.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani watu watano wameniita "Injinia". Nimehesabu: watano, na mmoja aliyesema "Inji" akakatizwa na sala.

Baadaye Rashid, yule mwenye bucha, akanisimamisha. Ana beberu anayeitwa Meneja, kwa sababu anaingia popote bila kubisha hodi. Amekusudia kumchinja tangu Krismasi ya watu wengine na Idi yake mwenyewe, lakini kila akinoa kisu Meneja yuko shambani kwa mtu. Rashid akasema karatasi yangu ameisikia, hongera, ila Meneja hajui kusoma. Kesho anamleta.

Nikamwambia alete. Alete na ukoo wake.

Nimemwona Ngari kwa mbali akiwa ameinama juu ya mashine yake, anatafuta kasoro. Hakuna kasoro. Nilitaka kumwambia. Nikapita upande wa pili wa barabara.

Jumatatu, 12 Mei

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, ingawa kalamu inasita.

Saa nne. Kikundi kizima, na wengine wa kuja kutazama tu. Nimezungushia waya kona ya shamba la mama mkwe, ndani nimeweka ndengu mbichi kama chambo. Nikawasha. Tak! Tak! Rashid akamwachilia Meneja.

Meneja alikuja kwa mwendo wake wa ofisini. Akanusa waya. Tak! Akaruka nyuma kama aliyeitwa na polisi, akamwangukia Rashid mapajani, wote wawili chini. Watu wakashangilia. Rashid kutoka mavumbini akapiga kelele kwamba sasa Meneja amepata meneja! Beberu akasimama, akautazama waya, akautazama tena, akageuka akaenda zake. Hajaumia. Amestaafu.

Ingeishia hapo. Kwa nini mambo hayaishii hapo?

Mama mkwe akamwambia Ann aniambie nimwonyeshe hiyo sita inakaaje. Nikamwambia Ann amwambie ni mambo ya kitaalamu. Mama mkwe, akiwa hatua mbili kutoka kwangu, akamwambia Ann aniambie kwamba yeye amepima makalio ya wilaya nzima, hakuna utaalamu wa kupima asioujua.

Nikatoa oskiloskopu. Mlima wangu ukatokea. Akauliza, kupitia Ann, nilianzia wapi, nikaishia wapi. Nikaonyesha nusu ya kimo, kushoto na kulia. Akaitikia kwa kichwa. Akachomoa uzi kwenye pindo la leso yake, akaunyoosha juu ya kioo kutoka alama hadi alama, akaukata kwa meno. Uzi mmoja: mpigo wa Muchangi.

Halafu akasema iletwe ya Ngari.

Ngari alikuwa nayo! Ameifunga kwa taulo, ameibeba ili aniombe mwisho wa shughuli nimsaidie kuona kasoro iko wapi. Tukaunganisha. Mlima wake mwembamba ukasimama pale, bila aibu. Mama mkwe akaweka uzi wangu kwenye nusu ya kimo cha Ngari. Uzi ukapita. Ulibaki mrefu kiasi cha ncha ya kidole.

Tak ya mashine niliisikia kama nyundo.

Akauliza imekuwaje karatasi iseme sita kwa mpigo mpana na kumi na moja kwa mwembamba. Ann alinigeukia ili anipe swali, nikatamani asinipe. Na Ngari, mtu yule, akanitetea! Akasema kwa upole labda Bwana Muchangi alipima wake nusu na huu chini hadi chini, ni kosa la kawaida.

Mama mkwe akauliza, basi wa Muchangi chini hadi chini ni ngapi.

Runji, ambaye hajaalikwa, akahesabu miraba kwa sauti. Moja. Mbili. Alipofika saba nilikuwa natazama mlima wa Kiang'ombe. Wa kweli. Sikuona unaanzia wapi.

Kwa hiyo: nusu kwa nusu, mimi sita, Ngari nne. Chini kwa chini, mimi kumi na nne, Ngari kumi na moja. Popote unapoanzia, Ngari ni mfupi.

Mama mkwe hakumtumia Ann. Mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, aliniangalia usoni akasema nami mwenyewe:

"Muchangi, mtoto mmoja umempima suruali kutoka kiunoni, mwingine umempima kutoka kwapani. Halafu unasema huyu wa pili ana miguu mirefu!"

Walicheka hadi Meneja akarudi kuangalia kuna nini.

Hukumu, kwa desturi: ua ni wa Ngari. Mimi nitoe mbuzi wa kuosha mdomo uliodanganya, aliwe na kikundi. Na kwa kuwa sasa inajulikana naweza kupima kwa njia mbili, kila mwezi nitapima mpigo wa ua kwa ile moja tu iliyo sahihi, nusu kwa nusu, Ngari akiwa amesimama nyuma yangu. Nikatafute kifaa changu mwenyewe.

Ngari akasema kwa upole kwamba chai nitaikuta.

Jumanne, 13 Mei

Nimemrudishia Gatwiri oskiloskopu yake. Nilieleza mambo kwa ufupi, kutoka katikati hadi katikati. Alikuwa ameshapigiwa simu na Ann, akayajua kutoka chini hadi chini. Alinipa somo la nusu saa. Nimesikia. Vitu viwili ukivilinganisha, anzia pamoja, ishia pamoja. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Niliporudi nyumbani, juu ya meza kulikuwa na kitu kimefungwa kwa leso. Redio. Ileile, ya mbao, kitufe cha kushoto hakipo. Ann akasema mama yake ameituma na ujumbe: mtu aliyeuona umeme uso kwa uso hawezi kushindwa na redio. Usemwe tu ukweli, kama haiponi aambiwe haiponi.

Niliishika tu. Kwenye droo yangu ya misumari kuna skrubu moja ndogo ya shaba. Nimeihamisha droo tatu katika miaka kumi na tisa, bila kumwambia mtu ni ya nini. Nikaijaribu nyuma ya redio. Imeingia.

Haijasema bado. Lakini imekohoa. Ann amesikia, ni shahidi.

Jumatano, 14 Mei

Mbuzi wa faini anahitajika Jumamosi. Runji ameleta barua yenye muhuri: beberu mzima, urefu usiopungua inchi thelathini, mwenyekiti atampima mwenyewe kwa tepu.

Nimekwenda kwa Rashid. Anataka kuniuzia Meneja. Inchi thelathini na tatu bila ubishi, na bei ya kustaafisha. Nikamwambia asubiri. Pembeni kulikuwa na kijana mmoja wa mbuzi, mwepesi, mwenye heshima, bei nusu. Nikatoa tepu ya Ann. Kutoka bega hadi shina la mkia: ishirini na mbili. Huzuni.

Halafu nikaisoma barua tena. Nikaisoma polepole.

Haisemi kutoka wapi.

Nikampima kutoka ncha ya ndevu hadi ncha ya mkia. Ishirini na tisa! Rashid akamshikia majani juu kidogo, akanyoosha shingo. Thelathini na moja! Rashid akaniuliza kama sijafundishwa chochote Jumatatu. Nikamweleza, kwa upole, kwamba yeye hakuelewa lile somo. Kosa langu lilikuwa kulinganisha vitu viwili. Safari hii mbuzi ni mmoja.

Nimemlipa. Nimeongeza na fungu la majani.